Korongo Kwenye Sweta la Afande

Kambi ya Polisi, Kampala
Jumapili, 21 Julai 1996

Oola wangu, mume wangu,

Acha niliandike tena kwa sababu bado ni neno jipya na linaniwasha vidole: mume wangu. Salamu zitakuja, usiogope. Mwalimu wa Kiswahili kule Bungoma alitufundisha vizuri mpangilio wa barua, lakini yeye hakuwa ameolewa na wewe.

Nimechoka, mpenzi, ila ni uchovu mtamu. Kibanda chetu cha bati mchana kinampika mtu kama muhogo, na usiku kinamgandisha. Naingia foleni ya bombani kabla jua halijatoka, na nikirudi na ndoo mgongo tayari umekwisha. Lakini koti lako la mvua liko msumarini, nalisalimia kila ninapopita. Juzi Baba alikuja kutoka dukani kwake Kyambogo kuniletea unga, akanikuta katikati ya salamu. Akasema, "Nabangala, sikukusomesha hadi kidato cha nne uje kuzungumza na koti." Nilicheka hadi nikakaa chini.

Sasa sikiliza habari yangu kubwa. Najifunza kufuma kwa rangi mbili! Kufuma kwa rangi moja nilijua tangu shule, kama kila msichana. Lakini jirani yetu Adyero, mke wa Koplo Latigo, nilimkuta mlangoni anamfumia mwanawe kofia yenye nyota nyeupe juu ya bluu, na nyota hizo hazikushonewa juu, zimezaliwa ndani ya kofia yenyewe. Alifundishwa na masista huko Kitgum. Nilimsumbua mpaka akakubali. Sindano zetu ni spoki za baiskeli alizozinoa mwenyewe kwenye jiwe, na nyuzi tunazipata soko la Owino: tunachagua masweta ya mitumba yaliyotoboka viwiko, tunayafumua, tunaosha nyuzi na kuzitundika na kijiwe chini ili zinyooke.

Siri yake ni hii. Mkono wa kulia unashika rangi moja, wa kushoto nyingine. Rangi isiyokuwa na zamu haikatwi, inapita kwa nyuma, kimya, hadi iitwe. Na usiivute! Ukiivuta, sweta lote linajikunja kama uso wa aliyelamba ndimu. Mimi navuta. Adyero ananiambia, "Wewe mugole, unavuta uzi kama unapeleka mbuzi sokoni." Ndivyo anavyoniita, mugole, bibi harusi, na mimi nafurahi kila mara kama mjinga.

Usiku natazama upande wa nyuma wa kazi yangu, pale uzi unapopita bila kuonekana, nafikiri: huyo ni Oola wangu. Haonekani, lakini ndiye anayeshikilia yote.

Huko Kabale baridi ikoje? Nikimaliza kujifunza nitakufumia sweta ambalo ukungu wenyewe utaliogopa.

Wako, wako, wako,
Nabangala


Kabale
4 Agosti 1996

Mke wangu Nabangala,

Barua yako nimeipata kwa kondakta wa basi la posta. Niliisoma mara tatu. Mwenzangu wa chumba, Konstebo Oloya, aliniuliza kama ni barua au ni gazeti.

Mimi ni mzima. Kiswahili changu ni cha gwaride, unajua, kwa hiyo utanivumilia. Ningekuandikia Kiacholi ungeona kwamba na mimi nina maneno.

Hapa ukungu unakuja jioni na hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Tunasimama kizuizini barabarani, tunaangalia malori ya viazi. Mtu anachoka hata kwa kutofanya kitu. Lakini ni uchovu wa kawaida, nikilala unaisha. Watu wa hapa ni wakali kidogo lakini hawana neno na sisi. Mama mmoja wa kando ya barabara hutuuzia bushera ya moto, ule uji wao wa mtama.

Oloya anakusalimu. Ni mtu mwema, anakoroma lakini anachemsha chai kwanza kabla sijaamka. Mke wake Lanyero yuko kambini hapo, upande wa bomba, ana mtoto mchanga. Ukimwona mwambie mumewe amenenepa.

Endelea na kufuma. Usijichoshe macho.

Mumeo,
Oola


Kampala
Jumatatu, 12 Agosti 1996

Mume wangu, roho yangu,

Keti kwanza. Umeketi? Utarudi nyumbani!

Sikiliza ilivyokuwa. Unamjua Mama Travis, mke wa Afande anayepanga uhamisho, yule mwenye saluni Kabalagala? Alipita upande wetu Ijumaa akanikuta na kipande changu cha mazoezi. Akakichukua, akakigeuza nyuma, akakigeuza mbele. Akasema kwa heshima ya Kiganda, "Nyabo, hii umefuma wewe?" Nikasema mimi. Akatoa kwenye mkoba picha iliyochanwa kutoka gazeti la Ulaya: mzungu amesimama kwenye theluji na sweta lenye safu ya kulungu kifuani. "Afande anaenda kozi Uingereza mwisho wa Septemba. Sitaki avae kulungu wa watu. Nataka avae korongo wetu."

Korongo mwenye taji, Oola, yule ndege wa kwenye bendera! Mweusi, mweupe, nyekundu kooni, taji la njano. Rangi nne! Mimi ambaye hata mbili bado zinanishinda! Adyero alinikonyeza nikatae. Nami mdomo wangu, kabla sijauzuia, ukasema, "Naweza, Mama Travis, lakini mume wangu yuko Kabale na tumeoana Juni."

Akanitazama. Halafu akacheka kwa sauti ile ya saluni. "Banange! Kumbe unajua biashara. Mfumie Afande wangu korongo, nami nitamwambia akurudishie wako."

Basi. Ndivyo ilivyo. Sweta likivaliwa, jina lako linaandikwa kwenye orodha ya wanaorudi Kampala. Adyero alikasirika, sijui kwa nini. Alisema tu, "Ungeuliza kwanza," akaingia ndani. Nadhani ni wivu kidogo, maana mumewe bado yuko Mbarara. Jioni alirudi mwenyewe akanichorea korongo kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kitanzi kimoja. Amenifundisha kwamba hata picha ikiwa na rangi nne, mstari mmoja usibebe zaidi ya mbili, la sivyo mgongo unakuwa mzito kama godoro. Nyekundu ya koo inawekwa baadaye kwa sindano ya kushonea.

Nafuma mchana kutwa. Usiku macho yanawaka kama yametiwa pilipili. Lakini kila mstari nahesabu kama hatua yako moja kutoka Kabale.

Niambie umefurahi. Niandikie haraka, nataka kuona neno "nimefurahi" kwa mwandiko wako.

Mkeo mwenye furaha kuliko wote katika kambi hii,
Nabangala


Kabale
20 Agosti 1996

Nabangala,

Nakushukuru kwa mapenzi. Lakini mwambie Mama Travis kwamba umeghairi. Mfumie sweta lake ukipenda, ila mambo ya uhamisho uyaache.

Hapa nimezoea. Hewa ni nzuri. Mkubwa wetu hana maneno mengi. Mtu akiomba kuhamishwa kabla ya wakati wake anaonekana mvivu.

Tutaonana Krismasi nikipata ruhusa.

Oola


Kampala
Jumapili, 1 Septemba 1996

Mume wangu,

Nimesoma barua yako nikaigeuza nyuma kutafuta barua yenyewe. Hewa ni nzuri! Nimeolewa na mtu anayenikataa kwa sababu hewa ni nzuri.

Sikuandika mapema kwa sababu nilikuwa nalia, na machozi ni mabaya kwa sufu. Sasa nimechoka kulia, kwa hiyo nitauliza wazi: huyo mama wa bushera ana umri gani? Usinijibu kwa gwaride. Nijibu kama mume.

Kama hakuna mtu, basi kwa nini? Nikikuwazia umelala kwenye ukungu kwa hiari yako, wakati mimi nimetandika kitanda chetu kwa shuka la arusi na kulilalia upande mmoja tu ili upande wako ubaki umenyooka, nasikia kama nimefanywa kichekesho. Sijaghairi. Siwezi. Mwili wa sweta umefika kwapani, makorongo wamesimama kifuani kwa safu, wakitazamana wawili wawili. Mama Travis alilichukua kwenda kulipima mgongoni kwa Afande mwenyewe, na akaniambia ameshamtajia jina lako. "Ameandika kwa penseli," alisema. "Sweta likiisha ataandika kwa kalamu." Imebaki mikono.

Nitakupa habari za hapa ingawa hustahili. Koplo Latigo alirudishwa kutoka Mbarara! Adyero sikumwona akifurahi hata kidogo. Mumewe alilala nyumbani Jumamosi ya wiki iliyopita, Jumapili akakaa tu mlangoni mtoto mapajani, na asubuhi yake lori lilikuja likawachukua yeye na wengine. Nilimuuliza Adyero wamekwenda wapi, akasema, "Kazini." Basi, kila mtu siku hizi ananijibu kwa neno moja.

Na jambo la ajabu, mwalimu wangu amesahau kufuma! Kofia mpya aliyoanza imejikunja yote, haimwingii mtoto hata kichwani. Nilimcheka. Nikasema, "Mwalimu, leo nani anapeleka mbuzi sokoni?" Aliondoa spoki, akafumua kofia nzima, akaanza tena, na ikajikunja tena vilevile. Adyero, ambaye vidole vyake ni laini kama maji! Nadhani umri unaanza kumfika.

Nijibu. Hata kama ni jambo baya. Nimechoka kufuma kwa kubahatisha.

Nabangala
(bado wako, usivimbe kichwa)


Kabale
9 Septemba 1996

Nabangala mke wangu,

Usimcheke Adyero tena.

Mama wa bushera ni bibi mwenye wajukuu. Hakuna mwanamke. Nilipaswa kukuambia kabla ya kanisani, lakini ulikuwa unafurahi sana, na mimi nilikuwa sijakaa karibu na furaha ya namna hiyo kwa muda mrefu. Sikutaka kuitia mkono.

Wewe ni mtu wa Bungoma. Kwenu kurudi nyumbani ni kurudi nyumbani. Kwa sisi Waacholi tulio katika kikosi, kurudishwa Kampala ni kituo tu. Wanatukusanya hapo, halafu lori linakwenda Gulu. Kule kuna vita na wanataka watu wanaojua lugha na njia za porini. Mtu wa Mbale akirudi Kampala anarudi kwa mkewe. Mimi nikirudi nitalala kwako usiku mmoja au miwili, kama Latigo. Ndiko aliko Latigo. Adyero alifikiri unajua. Kila mtu kambini anajua, ndiyo maana hakuna anayesema.

Mwaka wa tisini na tatu nilipelekwa. Sikuogopa risasi, ningekuwa mwongo nikisema ndizo nilizoogopa. Walinisimamisha kutafsiri. Tulikwenda kijiji jirani na cha mama yangu. Watu walikalishwa chini, wanaulizwa waasi walipita wapi, nani aliwapa chakula. Mimi nimesimama katikati na sare, maneno yanaingia sikio hili Kiingereza, yanatoka mdomoni Kiacholi. Mzee mmoja alinitazama muda mrefu, halafu akaniita kwa jina la utoto wangu. Aliniita taratibu, kama mtu anayemwita mtoto aje ale. Afisa akauliza, "Anasema nini?" Nikasema, "Hasemi kitu."

Yule mzee walimchukua na lori. Sijui aliishia wapi. Mama yangu anajua nilikuwa pale. Ndiyo sababu hakuja harusini. Nilikuambia barabara ni mbaya, lakini ilikuwa nzuri siku hiyo, Nabangala, mabasi yalikuwa yanapita.

Niliomba Kabale mwenyewe. Nilimwomba mkubwa mmoja kwa magoti. Hapa ninaangalia viazi na nimechoka kama mtu wa kawaida. Nikirudi kule, safari hii nitaanguka au nitakuwa kitu ambacho hutaki kulala nacho kwenye shuka hilo la arusi.

Kama sweta bado liko mikononi mwako, lizuie. Kama limeshakwenda, usijilaumu. Hukujua.

Oola wako


Kampala
Ijumaa, 13 Septemba 1996

Oola wangu,

Nilikuwa na mkono mmoja umeisha na wa pili umefika kiwikoni. Nilisoma barua yako nimesimama kwenye foleni ya bomba, nikaacha ndoo palepale.

Kwanza nilikwenda kwa Adyero. Nilipiga magoti mlangoni. Alinitazama akasema, "Amekuandikia." Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi inuka, utachafua kitenge." Tulikaa. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Alisema, "Mugole, ulikuwa unacheka sana. Kambi nzima tulikuwa tunakusikiliza unacheka."

Kisha nikaenda Kabalagala, saluni kwa Mama Travis. Alikuwa anamsuka mteja. Nikamwambia naomba jina la mume wangu lifutwe. Alidhani ni utani. "Wake za watu wanapanga mstari mlangoni kwangu kutaka waume warudi, wewe unataka wako akae huko kwa baridi? Amekufanya nini?" Nikasema, "Nataka niende mimi kwake." Wasusi wote wakacheka, mmoja akasema hata yeye angependa kupendwa hivyo, lakini si mpaka Kabale. Nilicheka nao, Oola. Nilicheka kwa sababu kama ningesema neno Gulu mle ndani, sura zao zingebadilika, na jina lako lingebadilika machoni mwao.

Mama Travis aliacha kusuka akanitazama vizuri. Nafikiri alielewa. Si mtu mbaya. Alisema polepole, "Orodha inakwenda kwa wakubwa wiki ijayo. Penseli inafutika. Lakini Afande siku hizi hasikii kitu, anafunga masanduku. Niletee sweta Jumatano nimvalishe, nikimkuta amefurahi nitasema."

Kwa hiyo lile lililokuwa la kukuleta sasa ni la kukuzuia, na ni sweta lilelile.

Nilirudi nikakaa kufuma, na vidole vimekuwa vya mbao. Kila kitanzi navuta. Nikifuma mistari kidogo, mkono wa sweta unajikunja, nafumua. Korongo wa kwenye mkono anatoka mwembamba, shingo imevunjika, nafumua tena. Uzi wa njano umeanza kuota manyoya kwa kufumuliwa. Sasa najua kwa nini kofia ya Adyero ilikataa. Nilimcheka, Oola. Nilimcheka mbele ya mtoto wake.

Leo alfajiri alikuja, akaninyang'anya spoki mikononi. "Ondoka hapo, mpikie mtoto uji." Nikasema, "Na wewe je, vidole vyako?" Akasema, "Wangu ameshakwenda. Sina tena cha kuvuta." Amefuma toka asubuhi bila kuinua kichwa, mimi nikimpasulia kuni na kumwogeshea mtoto. Mkono umetoka tambarare kama jani la mgomba. Naandika haya yeye akiwa anafunga nyuzi za mwisho kwa ndani.

Sikukasirikii kwa kunificha. Labda baadaye nitakasirika, sasa sina nguvu. Kuhusu yule mzee, sijui mke anapaswa kusema nini. Najua tu kwamba nataka kuwa karibu nawe unapomkumbuka.

Nabangala


Kabale
28 Septemba 1996

Mke wangu,

Orodha imefika leo asubuhi. Jina langu halimo.

Nilitaka nikuandikie hilo tu nifunge. Lakini nimekwisha kukuficha vya kutosha.

Kutoka Kabale walikuwa wanataka mtu mmoja anayejua Kiacholi. Bado wamechukua mmoja. Ni Oloya.

Alisoma jina lake ubaoni akarudi chumbani, akachemsha chai kama kawaida. Akanimiminia. Sikuweza kunywa. Aliniuliza kama naumwa tumbo. Anaondoka wiki ijayo. Amenipa sufuria yake.

Sijamwambia. Kila nikifungua mdomo nakumbuka kwamba nimefurahi. Ndiyo, nilifurahi, Nabangala, kabla sijasoma mstari wa pili, na yeye alikuwa amesimama kando yangu.

Chumba sasa kitabaki na kitanda kitupu. Mkubwa amekubali uje. Panda basi la posta la Jumamosi, nitakungoja kituoni. Njoo, tafadhali. Sijawahi kukuomba kitu kwa neno hili.

Oola


Kampala
Alhamisi, 3 Oktoba 1996

Mume wangu mpenzi,

Tiketi nilikata jana. Niliaga majirani, nikamwachia Adyero meza na ndoo. Baba alikuja na kuku wa safari, akanibariki kwa Kibukusu kirefu hadi kuku mwenyewe akasinzia. Nilikuwa natandua kitanda nikasikia hodi.

Alikuwa Lanyero. Sikuwa nimewahi kuzungumza naye zaidi ya salamu za bombani. Ile salamu yako kwamba mumewe amenenepa sikumfikishia, nilikuwa na shughuli ya furaha yangu. Mtoto mgongoni, viatu vimejaa tope. Hakutaka kukaa. Alisema, "Ni wewe uliyefuma sweta la Afande?"

Nikasema ni mimi, na Adyero.

"Mama Travis anataka jingine, la Travis, la kufanana na la baba yake. Nimetoka kwake sasa hivi. Nimemwambia naweza." Akamkaza mtoto mgongoni. "Siwezi. Kufuma najua kwa rangi moja tu. Nifundishe."

Oola, nilimtazama na nilijiona mwenyewe, ila yeye alikuwa anajua kila kitu ambacho mimi sikukijua. Nikasema, "Jina la mumeo limeshapigwa mhuri. Anakuja." Akasema, "Atalala hapa siku chache. Mama Travis anasema kutoka hapa bado mtu anaweza kupelekwa kwingine, Afande akipigiwa simu Uingereza. Hata Karamoja. Mimi nitashukuru hata Karamoja."

Adyero alikuwa mlangoni kwake, anasikia. Aliingia ndani, akarudi na spoki mpya, bado zina alama za jiwe, akaziweka mkekani, juu ya tiketi yangu.

Nilijua nikimfundisha, mahali pa Oloya patawekwa mwingine, na mke wa huyo mwingine naye atakuja na viatu vyenye tope. Nilijua pia kwamba siwezi kumfundisha mwanamke huyu hata mstari mmoja nikiwa nimemficha. Umeniandikia kwamba umeficha vya kutosha. Basi nami pia.

Nikamwambia. Nilimwambia yote waziwazi, bila kupamba: kwamba jina la kwanza lilikuwa lako, kwamba mimi ndiye niliyeliweka kwa ujinga wangu na mimi ndiye niliyelitoa, kwamba sweta lile ndilo lililofanya yote mawili, na kwamba palipobaki pengo ndipo alipoandikwa Oloya. Mtoto alikuwa analia, nikamwambia huku analia. Nilisubiri anitemee mate. Ningeyafuta nikakaa palepale.

Usinisubiri Jumamosi. Mwambie Oloya kabla hajapanda lori, mwambie kwa mdomo wako, usimwachie asikie hapa kambini. Nitakuja kwako, nakuahidi kwa kila kilicho safi kati yetu, lakini si kabla ya sweta la mtoto kwisha. Najua ni kukuumiza. Nakupenda, na nimechoka kuliko nilivyowahi kuchoka, na vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja.

Lanyero hakunitemea. Alimfungua mtoto mgongoni, akamnyonyesha mpaka akanyamaza, akamlaza juu ya kitanda chetu kisicho na shuka. Kisha akakaa chini kwenye mkeka, mbele yangu, akaokota spoki.

"Uzi mweusi," akaniuliza, "naushika mkono gani?"

Mkeo,
Nabangala